Mwenyeji Njoo

Kwetu Kiwira mche wa parachichi hauaminiwi siku ya kwanza.
Unakata kikonyo mshazari, unakata shina mshazari,
unaoanisha ganda la ndani kwa ganda la ndani,
unafunga kwa utepe wa nailoni, halafu unaondoka.
Usirudi kuchungulia. Anayechungulia huua.
Nimebebesha miche elfu nne kwa kisu kimoja
na bado kila mmoja huninyima usingizi.

Sasa niko Mbeya, wodi ya majeruhi wa moto,
Julai, baridi inashuka kutoka Loleza bila kubisha hodi,
na mwanangu Tupokigwe ana mguu uliochukuliwa na mkaa
kuanzia gotini hadi kifundoni
usiku ule tulipoingiza jiko ndani tupate joto.
Tuliingiza, nasema.
Ni mimi niliyeliingiza.

Daktari Nsajigwa ana maneno machache na kalamu nyingi.
Alichora nyuma ya kadi ya kliniki:
chembe za ngozi ya mtoto mwenyewe, kipande kama kucha,
zikakuzwa juu ya kiunzi laini kama utando wa maziwa
mpaka zikawa kiraka cha kujaa kiganja.
"Ni hai," alisema, "ila haina mishipa.
Na chembe iliyo mbali na damu
kupita unene wa nywele mbili tatu
hufa njaa, hukosa pumzi."

Kiraka cha kwanza kilikufa.
Siku ya nne katikati palikuwa peusi, kingo tu zilipona,
kama kitalu ambacho mfereji haukukifikia.
Walikibandua. Mtoto hakulia; alihesabu mbao za dari,
akakosea kwenye kumi na saba, akaanza upya.
Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na matangi ya maji.

Cha pili walikiandaa kwa namna nyingine.
Walichanganya humo chembe zinazojua ujenzi wa mirija,
nazo, ndani ya chupa, gizani, hata kabla ya kurudi kwa mwenyewe,
zikaanza kushikana,
zikajipanga, zikajipinda, zikaacha uwazi katikati:
mifereji mikavu inayosubiri mto.

Chembe yenye kiu haikai kimya, alisema. Hupeleka habari.
Habari hupenya nyamani, hufika kwenye mshipa wa jirani,
na mshipa huota kichipukizi.
Chembe moja hutangulia, inapapasa,
haina macho, ina vidole tu,
wenzake wanafuata nyuma wakichimba.
Nikamwambia, kwetu hilo tunaita kushika.
Mche umeshika.
Akaliandika neno langu pembeni mwa mchoro wake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Usiku, kwenye benchi la korido, nililigeuza:
mwenyeji njoo, mgeni apone.
Njoo, damu ya mwanangu, shuka kutoka pajani,
kuna mgeni mlangoni mwenye sura yako,
amejenga nyumba, amechimba mifereji, hana tone.
Sikuomba zaidi ya hapo.
Mtu aliyeingiza jiko ndani huona haya kuomba.

Siku ya pili kiraka kilikuwa cheupe kama sembe.
Ya tatu, cheupe.
Ya nne muuguzi Atupele alinisukumia sahani ya ndizi, akasema nile,
maana na mimi nilikuwa nimeanza kuwa cheupe.
Ya tano, asubuhi, kwenye kona ya chini,
rangi hafifu, ile ya ua la mpichi
linalotangulia kabla ya jani.

Daktari alibonyeza kwa ncha ya kidole. Pakafifia.
Akaachia.
Moja, mbili,
na wekundu ukarudi wenyewe, bila kusukumwa na mtu.

"Tena," akasema Tupokigwe. "Bonyeza tena."

Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani, mazoea ya kitalu.
Nilimsikia akihesabu: moja, mbili.
Mara ya tatu niligeuka.